Kaskazini ya kale chini ya kaskazini ya leo

Swali: "Daktari, mimi hufundisha fizikia katika shule moja ya upili huku Kayole. Muhula uliopita niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Olorgesailie. Mwongozaji alituambia kwamba matope ya ziwa la kale pale yalihifadhi mwelekeo wa kaskazini, na kwamba ukipanda tabaka kwa tabaka unafika mahali ambapo kaskazini na kusini zilibadilishana nafasi, miaka 780,000 iliyopita. Msichana mmoja akauliza: tope linashikaje kaskazini? Na kama jiwe limekaa ndani ya uga wa sumaku wa leo miaka yote hiyo, kwa nini halijaufuata? Nilimwahidi kumtafutia jibu. Nisaidie."

Mwalimu, habari za kazi. Mwanafunzi wako ameuliza swali ambalo kuna watu wanalipwa mshahara maisha yao yote kwa kulihangaikia, nami ni mmoja wao. Jibu la kumpelekea Jumatatu asubuhi ni hili: jiwe limeufuata uga wa leo, ila si lote. Ndani ya kipande kimoja cha tope lililogeuka jiwe, chenye upana wa kifuniko cha chupa ya soda, kuna kaskazini mbili, pengine tatu, zinazoishi pamoja kama wapangaji wa nyumba moja. Ukilipima jiwe jinsi lilivyo, unapata jumla yao, na jumla hiyo yaweza kuonyesha upande ambao haukuwahi kuwa kaskazini siku yoyote.

Tuanze na tope.

Bonde la Ufa limejaa volkano, na lava na majivu yake yana chembe nyeusi za magnetiti, madini ya chuma yenye usumaku. Mvua ikinyesha huko Kayole, funga sumaku kwa karatasi uipitishe kwenye mchanga wa mtaroni. Itatoka imeota ndevu nyeusi. Hizo ni ndugu za chembe zilizosombwa hadi ziwa la Olorgesailie, ingawa zile tunazozitegemea sana sisi ni ndogo mno, nyingine hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kila moja ni kijisumaku. Inapozama katika maji matulivu, uga wa dunia huizungusha ielekee kaskazini kama sindano ya dira.

Uga wenyewe ni dhaifu. Hapa Nairobi ni takribani mikrotesla 33 hadi 34, na kisumaku cha kubandika mlangoni mwa friji kinaushinda zaidi ya mara mia. Kwa hiyo usifikirie chembe zimejipanga kama askari wa gwaride. Maji yanazisukuma, zinagongana, zinabingirika zikifika chini. Fikiria mashabiki wakitoka Kasarani baada ya mechi. Kila mmoja anasukumwa huku na huku, kuna anayerudi nyuma kumtafuta mwenzake, lakini ukitazama kutoka juu unaona wazi kwamba umati unaelekea Thika Road. Usumaku wa mashapo ndio huo: wastani wa umati. Ndiyo maana ni hafifu, mara nyingi mara mia hadi elfu chini ya usumaku wa lava iliyopoa, na kuupima kunahitaji mashine iliyowekwa ndani ya chumba kilichokingwa dhidi ya uga wa nje.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya shule hulirukia. Chembe haikwami siku inapogusa sakafu ya ziwa. Tope la juu ni uji. Minyoo wanalifukua, maji yanapenya, na chembe bado ina nafasi ya kujigeuza. Inakwama pale uzito wa tope la juu unapoyakamua maji, na hapo inaweza kuwa imeshafunikwa kwa sentimita kadhaa. Tuseme ziwa linajaza sentimita 10 kila miaka 1,000, na chembe zinakwama zikiwa kina cha sentimita 20. Basi kaskazini iliyoandikwa humo ni changa kwa miaka 2,000 kuliko tope lililoibeba. Kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu hiyo ni kasoro ndogo. Kwa mtu anayejaribu kuweka tarehe ya mgeuko uliochukua miaka elfu chache tu kukamilika, ni kichwa kumuuma.

Sasa twende kwenye nusu ya pili ya swali, ile yenye utamu.

Chembe iliyokwama haiwezi kugeuka mwili tena, lakini usumaku ulio ndani yake unaweza kupinduka bila chembe kusogea. Joto la kawaida linatosha kuutikisa. Kinachouzuia ni kizuizi cha nishati, na kwa chembe ndogo kizuizi hicho hukua sawasawa na ujazo wake. Louis Néel, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1970, aliliandika hili mwaka 1949, na hesabu yake unaweza kuiweka ubaoni kesho: muda wa chembe kusahau ni sekunde 10⁻⁹ mara e iliyopandishwa kwa uwiano wa kizuizi na nishati ya joto. Chukua chembe inayosahau baada ya sekunde moja. Zidisha ujazo wake mara mbili, bila kubadilisha kitu kingine. Muda wa kusahau unakuwa takribani miaka 30. Uzidishe mara tatu: miaka bilioni 30 na ushei, zaidi ya umri wa dunia yenyewe. Waache wanafunzi wafanye hesabu hiyo kwa mikono yao, maana ukiwaambia tu hawatakuamini.

Kwa hiyo ndani ya jiwe lilelile kuna chembe zilizosahau jana, zilizosahau enzi za babu, na nyingine ambazo hazitasahau kamwe. Zile nyepesi zimegeukia uga wa leo polepole, moja baada ya nyingine. Zile nzito zimekataa. (Usimwambie kwamba kadiri chembe inavyozidi kuwa kubwa ndivyo inavyozidi kuwa bora. Ikipita kiasi fulani hugawanyika ndani kuwa maeneo yenye mielekeo tofauti, na kumbukumbu yake hulegea tena. Bora ni za katikati.)

Usumaku huu uliojipachika baadaye nitauita chapa ya juu, na ule wa siku za tope chapa ya asili. Chapa ya juu inayotokana na kukaa tu ndani ya uga ndiyo ya kawaida kuliko zote, na ndiyo pole kuliko zote. Kuna nyingine ambazo si pole.

Radi, kwa mfano. Mahali radi ilipopiga, mkondo wa umeme hupita kwenye mwamba na kuusumakisha upya kwa nguvu inayoizidi ya dunia mara nyingi sana. Dalili yake haifichiki: jiwe lina usumaku mkali kupita kiasi, na vipande viwili vilivyochukuliwa mita chache tu kutoka kwa kila kimoja vinaonyesha pande tofauti kabisa. Wanaofanya kazi upande wa Kisii na Ziwa Viktoria wanalijua tatizo hili vizuri. Joto nalo ni hivyohivyo: lava ikimwagika juu ya udongo huuoka kama tofali, na ukipoa udongo huo unashika kaskazini ya siku ya lava.

Adui ninayemwogopa ni kemia. Madini mapya yanaweza kuota ndani ya tope miaka mingi baada ya ziwa kukauka, na kila madini mapya yenye chuma yanapokua kufikia ukubwa wa kukumbuka, yanaandika kaskazini ya siku hiyo. Angalia udongo mwekundu wa Kabete au Kikuyu. Wekundu ule ni oksidi za chuma zilizotokea pale pale mwamba ulipooza na kumong'onyoka kwa mvua na muda. Ukipima donge lake, kaskazini utakayoipata inahusu kuoza kwa mwamba. Kuhusu mlipuko wa volkano iliyouleta mwamba huo haina neno.

Miamba myekundu ya mashapo ilizusha ubishi wa miaka mingi kwa sababu hiyohiyo. Hematiti iliyomo, ile oksidi nyekundu ya chuma, je, ilikuja ikiwa chembe tayari na kutulia chini ya maji, au ni rangi iliyoota baadaye kati ya punje za mchanga? Mara nyingi jibu ni zote mbili. Kuna waliochukua mawe hayo wakayaloweka kwenye asidi kwa siku nyingi ili ile rangi iyeyuke kwanza, wakipima kila baada ya muda. Kazi ya subira, na inanuka.

Katika matope meusi yasiyo na oksijeni mambo hugeuka upande wa pili. Bakteria wanaitafuna magnetiti yenyewe, chuma chake kinaungana na salfa, na badala yake inaota greigiti. Greigiti ni sumaku nzuri sana, ndiyo hatari yake. Inaweza kuota mapema, tope likiwa bado bichi, au kuchelewa maelfu ya miaka, na ukiipima inakupa mstari ulionyooka, safi, wa kupendeza, wenye tarehe ya uongo.

Tunazitengaje, basi? Twende Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Mwangalie fundi anayetayarisha bodi ya matatu kwa rangi mpya. Gari limepakwa mara nne, kila mwenye gari na michoro yake. Fundi anapiga msasa: inatoka rangi ya juu, inafuata ya mwaka juzi, halafu ya kabla ya hapo, hadi praima. Nasi tunapiga msasa wetu, ila wetu ni joto.

Tunaweka sampuli ndani ya tanuri lisilo na uga wowote wa sumaku. Tunaipasha hadi nyuzi 100, tunaipoza humohumo, tunaipima. Kisha 150, kisha 200, na kuendelea. Kila hatua inazisahaulisha chembe ambazo kumbukumbu yake haistahimili joto hilo, na kwa kuwa zinapoa mahali pasipo na uga, hazijifunzi kitu kipya. Chembe nyepesi zilizogeukia uga wa leo kwa kukaa tu ndizo zinazotoka kwanza, mara nyingi kati ya nyuzi 150 na 250. Zinazobaki ni zile sugu. Magnetiti hupoteza usumaku wote ikifika nyuzi 580, hematiti huvumilia hadi karibu nyuzi 675, na goethiti, ambayo ni kutu ya kawaida, haivuki nyuzi 120 hivi. Basi joto ambalo chapa inafutikia linakuambia pia ni madini gani yaliyoibeba. Njia nyingine ni kuitikisa sampuli kwa uga unaobadilika mbele na nyuma huku ukipungua hadi sifuri. Ni ya haraka na haiunguzi jiwe, lakini kwa hematiti haifui dafu.

Vipimo vya kila hatua tunavichora kwa namna ambayo Mholanzi J. D. A. Zijderveld aliieleza mwaka 1967, na hadi leo michoro hiyo inaitwa kwa jina lake. Jiwe zuri huchora mistari miwili iliyonyooka yenye kona katikati: wa kwanza ni rangi ya juu ikitoka, wa pili unaelekea moja kwa moja kwenye sifuri, na huo ndio tunaoutafuta. Jiwe baya huchora upinde. Upinde maana yake rangi mbili zinatoka pamoja chini ya msasa, na hakuna joto lolote litakalokuonyesha moja bila nyingine. Wengine hulazimisha mstari kwenye upinde kwa sababu wana ripoti ya kumaliza. Nimezisoma ripoti hizo.

Na tanuri lenyewe linaweza kukuchezea. Ukipita nyuzi 400 hivi, salfaidi na udongo wa mfinyanzi vinaweza kuungua vikazaa magnetiti mpya ambayo haikuwahi kuwamo ziwani. Ndiyo maana kila hatua tunaangalia pia kama jiwe limeanza kuvutwa na sumaku kuliko awali. Likianza, tunasimama.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wanafunzi wangu wa chuo huipuuza. Mstari safi unaoelekea sifuri hauthibitishi kwamba chapa ni ya asili. Unathibitisha tu kwamba ni sugu. Mabara mazima yamewahi kudanganya kwa namna hii. Katika milima ya Appalachia huko Marekani kuna chokaa za umri wa miaka milioni 380 na zaidi zinazotoa mwelekeo mzuri kabisa, na kwa muda mrefu mwelekeo huo ulitumika kuonyesha bara lilikokuwa wakati chokaa ilipotulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikadhihirika kwamba usumaku huo ulipachikwa miaka milioni mia moja hivi baadaye, milima ilipokuwa ikikunjwa, magnetiti mpya ilipoota ndani ya mwamba. Msasa ulikuwa umefika kwenye bati. Ila bati lenyewe lilikuwa limebadilishwa.

Kinachoamua ni ushahidi wa porini, na majaribio mawili yaliyo bora kwangu yaliandikwa na mtu mmoja, John Graham, mwaka 1949. Jaribio la mkunjo: tandika mkeka, chora mishale yote ikielekea upande mmoja, kisha ukunje mkeka. Mishale sasa inatazama huku na kule. Ukiunyoosha inarudi kukubaliana. Ikiwa mielekeo ya mawe inakubaliana pale tu tunapoyanyoosha matabaka kwa hesabu, usumaku uliingia kabla ya mkunjo. Ikiwa inakubaliana yakiwa yamekunjwa hivyohivyo, uliingia baada yake. Kwa Bonde la Ufa lakini, jaribio hili mara nyingi halina meno: matabaka mengi ya ziwa yameinama nyuzi tano au chini, na mkeka ambao haujakunjwa haukuambii kitu.

Jaribio la kokoto nalipenda zaidi. Ukikuta kokoto za tope lilelile ndani ya mkondo wa mto wa kale, zilizong'olewa na maji na kubingirishwa, kila moja inapaswa kuwa na kaskazini yake, moja huku nyingine kule, bila mpango. Zikikubaliana zote, kuna kitu kilizisumakisha upya zikiwa tayari zimetulia. Nikiwa kijana nilifanya kazi kwenye korongo moja ambalo matokeo yake yalinipa usingizi mtamu: mistari imenyooka, sampuli zote zikikubaliana, zote kawaida, yaani zikitazama kaskazini kama dira ya leo. Mwenzangu akasisitiza tukate kokoto chache kutoka tabaka la juu yake. Nikanung'unika, tukakata. Kokoto zote zilielekea kaskazini, kama zimeambizana. Chapa ya kemia ilikuwa imepita hapo na kufunika kila kitu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuandika muhtasari.

Kuna na jaribio la mgeuko. Tabaka za kawaida na za kinyume, zilizoshika uga ulipokuwa umegeuka, zinapaswa kutazamana kwa nyuzi 180 kamili. Kukiwa na mabaki ya chapa ya juu ambayo hayajaoshwa, huzivuta zote mbili upande mmoja, na mgongo kwa mgongo unavunjika.

Hapo ndipo Nairobi yetu ina kichekesho chake. Ukichukua wastani wa maelfu ya miaka, uga wa dunia hufanana na wa sumaku moja iliyosimama sambamba na mhimili, na mteremko wake, yaani pembe ambayo uga huinama au kuinuka kutoka mlalo, hupatikana kwa kanuni rahisi: tanjenti ya mteremko ni mara mbili ya tanjenti ya latitudo. Katika latitudo ya Nairobi, nyuzi 1 na dakika 17 kusini, mteremko unatoka nyuzi 2.6 tu, karibu mlalo kabisa. Lakini uga wa leo haujali wastani. Ukiining'iniza sindano ya dira kwa uzi darasani kwako, ncha ya kaskazini itainuka zaidi ya nyuzi 20. Kwa hiyo tope la kale la pande hizi lilale, na chapa ya leo iinuke. Nikipima jiwe la kinyume ambalo linatazama kusini lakini limeinua uso, najua bado lina rangi ya juu, narudi tanurini.

Faida hiyo ina bei yake. Mtafiti aliye Ujerumani, penye latitudo ya nyuzi 50, ana mteremko wa nyuzi 67. Ukielekea chini ni kawaida, ukielekea juu ni kinyume, hata kama hajui kipande chake kilitazama upande gani. Sisi mteremko wetu ni karibu sifuri, kwa hiyo kawaida na kinyume vinatofautishwa na kaskazini na kusini tu. Kwenye korongo hakuna shida, unaweka alama kwa dira kabla ya kukata. Lakini ukichimba kwa bomba, kama ilivyofanyika Ziwa Magadi mwaka 2014, bomba linazunguka, nguzo ya tope inakatika vipande, na kipande kikifika juu hakuna ajuaye ubavu wake upi ulitazama Nairobi na upi Tanzania.

Dawa mojawapo ya hilo ni chapa ya juu ileile tuliyokuwa tukiitupa. Kwa kuwa inaelekea karibu na kaskazini ya leo, unaipima kwanza, unakigeuza kipande kwa hesabu mpaka chapa hiyo itazame kaskazini, kisha unaendelea kupasha joto uone ya chini yake inatazama wapi. Kwa sababu hii sipendi ripoti zinazosema kwa sentensi moja kwamba "usumaku wa joto la chini uliondolewa". Umeondolewa ukiwa unaelekea wapi? Ulikuwa mkali kiasi gani? Chapa ya maji ya moto yaliyopita kwenye ufa ni habari ya maji hayo, na kuna watu wa mvuke kule Olkaria wangependa kuisikia.

Kuhusu tarehe, mwambie mwanafunzi wako jambo moja ambalo mwongozaji huenda hakulitaja. Sumaku haitoi namba. Inatoa kawaida na kinyume tu, kama milia ya pundamilia, na ni lazima upate mahali pa kuipachika milia hiyo kwenye kalenda. Bernard Brunhes alipokuta udongo uliookwa na lava huko Ufaransa ukiwa kinyume, akaandika mwaka 1906, hakuwa na tarehe yoyote. Motonori Matuyama wa Japani mwaka 1929 aliona kwamba mawe ya kinyume ni ya zamani kuliko yaliyo kawaida, basi. Tarehe zililetwa na majivu na lava kwa saa ya potasiamu na agoni, inayopima potasiamu ilivyogeuka agoni polepole ndani ya jiwe, na moja ya milia hiyo ina jina la jirani zetu: Olduvai, kwa sababu ya basalti ya korongo hilo iliyopimwa mwaka 1963.

Sisi Wakenya tuna kovu letu hapa. Tufu la KBS, tabaka la majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe kule Koobi Fora kando ya Ziwa Turkana, lilipewa umri wa miaka milioni 2.6 karibu mwaka 1970, na fuvu maarufu la binadamu wa kale, namba 1470, alilolipata Bernard Ngeneo mwaka 1972, likavaa umri huo kwa kuwa lilitoka chini ya tufu. Mwaka 1974 Andrew Brock wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Glynn Isaac walichapisha milia ya sumaku ya pale, na usomaji wao ukaafikiana na 2.6. Tatizo halikuwa uvivu wa kupima. Mfuatano wenye mapengo ya mmomonyoko unaweza kulala kwenye kalenda zaidi ya mahali pamoja, na ukishaambiwa jibu, unaliona. Nguruwe wa kale ndio waliokataa: mabaki yao yalilingana na ya matabaka machanga ya Omo, Ethiopia. Brock mwenyewe alirudi na wenzake wakaongeza vipimo mwaka 1977. Ikaja kuonekana kwamba punje za zamani zilikuwa zimechanganyika na majivu, na leo tufu hilo ni la miaka milioni 1.88 hivi, ndani ya mlia wa Olduvai, unaoanzia milioni 1.95 hadi 1.77.

Olorgesailie ni upande wa furaha wa hadithi hiyohiyo. Pale majivu yapo katikati ya matope, tabaka la sumaku limelaliana na tabaka la saa, na kazi iliyochapishwa mwaka 1992 iliyatumia matope hayo kusaidia kuipandisha tarehe ya mgeuko wa mwisho hadi karibu miaka 780,000, kutoka 730,000 iliyokuwa ikikubalika. Tangu hapo imesogea tena kidogo. Kwenye korongo la Chiba, Japani, ambalo mwaka 2020 lilichaguliwa kuwa kipimo cha dunia nzima cha mpaka wa kijiolojia ulio karibu na mgeuko huo, uga wa kubadilika peke yake haukutosha kuiosha chapa ya juu; ilibidi sampuli zipashwe joto ndipo mgeuko ukaonekana mahali pake. Siku hizi tunasema 773,000. Wanafunzi wanaweza kusahihisha madaftari.

Mkirudi Olorgesailie msikate kitu, ni mali ya makumbusho. Chukueni dira mbili au tatu za bei rahisi. Iwekeni moja juu ya tope jeupe la ziwa, muisogeze polepole, hamtaona sindano ikihangaika. Kisha muisogeze ubavuni mwa jiwe kubwa jeusi la lava, muone. Simu zote zibaki kwenye basi. Nina asubuhi moja nzima ya alama za kaskazini zilizopotea kwa sababu ya kispika cha simu iliyokuwa kwenye mfuko wa shati la mwanafunzi aliyeinamia dira.